KIJITI CHA GIGA NANE

Nilikuwa barazani kwangu Kisauni, Jumamosi moja baada ya alasiri, kikombe cha kahawa mkononi, nilipomwona mpwa wangu Salim akija na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba yai. Kijana huyu ana miaka kumi na tisa, ni mtoto wa dada yangu Mwanaisha, na kwa kawaida hafiki kwangu ila kelele zake zimemtangulia. Siku hiyo alikuja kimya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka hivyo?"

"Mjomba, nimeharibu pesa za mama."

Ndani ya bahasha mlikuwa na kijiti cha kijani, urefu wake sentimita 13 hivi, chenye vipande vyeusi vilivyopangwa mstari mmoja na meno ya rangi ya dhahabu ukingoni. Wauzaji hukiita ramu, wengine memori. Walimu wa Kiswahili watakuambia ni kumbukumbu ya tarakilishi, na sina ugomvi nao, lakini ukienda dukani ukaomba kumbukumbu utaangaliwa kama mtu aliyepotewa na akili. Mimi nitasema memori.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Dada yangu hukaanga mahamri na viazi karai kando ya njia ya Kongowea, na amekuwa katika upatu na wanawake wenzake kwa miaka mingi. Zamu yake ilipofika alimpa Salim shilingi 18,000 anunue kompyuta ya kusomea, kwani kijana alimwambia anataka kujifunza mambo ya hesabu za biashara. Salim alinunua kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, moja ya zile zinazoletwa kwa shehena kutoka maofisi ya ng'ambo, kwa shilingi 14,000. Ilikuwa Dell OptiPlex 7010, yenye prosesa ya Intel Core i5-3470, mashine ya mwaka 2012. Ndani mlikuwa na memori ya giga nne tu, kijiti kimoja.

Giga nne hutosha kuandika barua. Lakini Salim hakuwa na barua ya kuandika. Kijana alitaka kucheza mchezo wa kuendesha malori uitwao Euro Truck Simulator 2, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya SCS Software ya Prague, na kila alipoingia mji mkubwa ndani ya mchezo ule, picha zilikuwa zikikwama, lori likiruka kama panzi. Ndipo alipoona tangazo la muuzaji wa Nairobi, giga nane kwa shilingi 3,000. Akatuma pesa kwa simu, akalipia na kifurushi, na siku ya pili akakichukua kwenye ofisi ya basi Mwembe Tayari. Akakichomeka. Kompyuta ikalia pii-pii, ikanyamaza, ikalia tena pii-pii. Skrini ikabaki nyeusi.

"Umemwambia mama yako?"

Salim akatazama vidole vya miguu yake.

Hapo nilitambua kwamba mambo yalikuwa mawili, na la kompyuta ndilo lililokuwa jepesi.

NAMI NILIWAHI KUUMWA

Kabla sijamcheka kijana, ni haki msomaji ajue kwamba mimi mwenyewe niliwahi kutupa pesa kwa jambo hilo hilo. Mwaka 2018 nilitaka kuiongezea nguvu kompyuta yangu ya mezani, nikaona giga kumi na sita zinauzwa kwa bei ya giga nne. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Mombasa. Vijiti viliingia barabara kwenye nafasi zake, klipu zikafunga kwa sauti nzuri, nami nikakaa kitini kama bwana harusi. Kompyuta haikuwaka. Nilijaribu siku tatu. Mwishowe nilimwendea fundi mmoja mzee, naye hakuhitaji hata kuiwasha. Alikitazama kijiti kimoja kwa nusu dakika, akasema, "Hii ni ya seva, bwana. Umevaa kanzu ya mtu mwingine."

Fundi yule, Mungu amzidishie, alinifundisha kusoma kibandiko kilichopo juu ya kijiti, na elimu ile ndiyo niliyoitumia kwa Salim.

Kwanza ufahamu memori ni kitu gani. Dada yangu nilimweleza baadaye kwa mfano wa kazi yake akanielewa upesi kuliko mwanawe. Diski ya kompyuta ni lile debe la unga. Humo ndimo vitu vyote vinamokaa usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. Memori ni ule ubao wa kusukumia mahamri. Ubao ukiwa mdogo, hata ukiwa na gunia zima la unga utasukuma mawili matatu, uyaondoe, uanze tena, na wateja wanasubiri. Mchezo wa kompyuta hukwama kwa sababu hiyo. Vitu vinachukuliwa kutoka debeni na kurudishwa debeni kila mara, kwa kuwa ubao hautoshi. Na umeme ukikatika, kilichokuwa ubaoni kimepotea.

Lakini si kila ubao huingia kila jikoni. Vijiti vya memori vina vizazi. Kizazi cha DDR3 kiliingia sokoni mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na DDR5 ilianza kutumika katika kompyuta za watu wa kawaida mwaka 2021. DDR3 ya mezani ina pini 240. DDR4 na DDR5 zina pini 288 kila moja, ila pengo lililokatwa katikati ya meno haliko mahali pamoja, kwa hivyo moja haiwezi kuingia mahali pa nyingine. Umeme wake nao si mmoja: DDR3 hula volti 1.5, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1. Za laptopu ni fupi, karibu nusu, na hazina nafasi katika kompyuta ya mezani. Kijiti kikigoma kuingia, usikilazimishe kwa kidole gumba. Nimeona kijana akikivunja kabisa akidhani ni ukaidi.

Prosesa na ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita madabodi, ndivyo vinavyoamua ni kizazi gani utanunua. Hiari si yako. Mashine ya Salim hutaka DDR3, basi, hata umbembeleze vipi. Mwenye Ryzen ya AM4, zile zilizoenea tangu 2017, atanunua DDR4. Mwenye Ryzen ya AM5, kuanzia 2022, atanunua DDR5 na hakuna njia nyingine. Wenye Intel ya kizazi cha kumi na mbili hadi cha kumi na nne ndio wenye mtihani, maana prosesa yao hukubali zote mbili, lakini madabodi hukubali moja tu, na ni lazima usome jina la madabodi yako kabla hujatoa senti.

Nalo jina la kompyuta usilitegemee peke yake. Dell wenyewe walilirudisha jina la OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa za kizazi cha kumi na tatu. Ukimwambia muuzaji "nataka memori ya 7010" bila kutaja ni ya mwaka gani, anaweza kukuuzia DDR4 kwa moyo safi, nawe ukarudi nyumbani na kitu cha kupambia kabati.

KUSOMA KIBANDIKO

Nilivaa miwani nikakitazama kijiti cha Salim. Kijiti cha kiwanda chenye heshima huwa na maandishi kama haya: 8GB 2Rx8 PC3-12800U. Ni kama anwani ya barua, kila kipande kina maana.

GB ni ukubwa, hilo kila mtu anajua. PC3 maana yake ni DDR3. Ingekuwa PC4 ingekuwa DDR4. Ikiandikwa PC3L, ile L inaonyesha kwamba kijiti kinaweza kula volti 1.35 badala ya 1.5. Hiyo hufanya kazi vizuri katika mashine kama ya Salim, lakini kinyume chake kina hatari: baadhi ya madabodi za Intel za kizazi cha sita zilitengenezwa kwa DDR3L peke yake, na Intel walionya kwamba DDR3 ya volti 1.5 ingeweza kuidhuru prosesa. Ile 12800 ni kasi, yaani megabaiti 12,800 kwa sekunde, ambayo wauzaji huiita 1600. Usihangaike kununua ya 1866 kwa mashine ya namna hii, maana prosesa yake inataka 1600 na itakishusha kijiti hadi hapo. Ukichanganya cha 1333 na cha 1600, vyote vitakwenda kwa mwendo wa 1333, kama msafara wa ngamia unaomngoja kilema.

Herufi ya mwisho ndiyo iliyoniumiza mimi mwaka ule. U ni memori ya kawaida ya mezani. S ni ya laptopu. E ni ya mezani yenye chipu ya kukagua makosa. R ni ya seva, na hiyo, katika DDR3 na DDR4, itaingia kwenye nafasi ya kompyuta ya kawaida bila shida yoyote, pengo lipo mahali pake, lakini mashine haitaamka. Ndiyo maana huuzwa kwa bei ya kutupa kila seva za zamani zinapofumuliwa. Kama herufi imefutika, hesabu vile vipande vyeusi vikubwa vya memori. Vya kawaida huwa 4, 8 au 16. Ukihesabu 9, 18 au 36, rudisha kijiti mezani umwage muuzaji kwa heshima.

Nilihesabu vya Salim. Vilikuwa kumi na sita, nane kila upande. Vyema. Lakini kibandiko chake kilikuwa karatasi nyeupe tu iliyoandikwa 8GB, 1600, PC3-12800, pasipo jina la kiwanda na pasipo ile 2Rx8. Nikakielekeza kwenye mwanga. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikaona zimeandikwa herufi tatu: AMD.

"Salim," nikasema, "kijiti chako hakijafa. Kimeolewa nyumba isiyo yake."

Huu ni mtego ambao wengi hawaujui, nami naomba msomaji anivumilie kidogo. Kuna aina ya vijiti vya DDR3 vya giga nane vilivyotengenezwa kwa chipu zinazotoa biti nne kwa wakati mmoja, badala ya nane kama zile za kawaida. Ili kukifikia kila kijumba ndani ya chipu ya namna hiyo, msimamizi wa memori aliyemo ndani ya prosesa lazima ataje anwani ndefu zaidi kidogo. Prosesa za mezani za Intel za wakati ule hazikupewa uwezo huo. Za AMD zilipewa. Kwa hivyo kijiti kile kile kitafanya kazi kwa AMD na kugoma kwa Intel, na kwa macho huwezi kuvitofautisha, kwani idadi ya chipu ni ile ile. Wauzaji waaminifu huandika wazi kwamba ni cha AMD. Wengine huandika kwa wino mdogo. Wengine hukibandua kibandiko.

Hata hivyo sikutaka kumhukumu mtu kabla ya ushahidi. Tuliondoka tukaenda kwao, mama yake akiwa bado njiani Kongowea, tukaufungua mkono wa kasha. Nilimwambia kijana achomoe waya wa umeme, abonyeze kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha ashike chuma cha kasha kabla hajagusa chochote. Tukasugua meno ya kijiti kwa ufutio wa penseli, tukapangusa. Tukakiweka peke yake: pii-pii. Katika mashine hizo milio miwili maana yake ni kwamba haikuona memori yoyote. Tukakihamisha nafasi ya pili, ya tatu, ya nne. Pii-pii. Tukarudisha kile cha giga nne cha zamani, tukakizungusha nafasi zote nne moja baada ya nyingine, na kila mahali mashine iliamka. Hapo hapakuwa na shaka tena. Nafasi zilikuwa nzima, mashine ilikuwa nzima, ila mgeni hakuwa wa ukoo.

Salim alimpigia muuzaji simu. Alipokea mara ya tatu. Akasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha akasema huenda kijana amekiunguza mwenyewe, kisha mtandao ukawa mbaya ghafla upande wake.

MAHAMRI MIA TATU

Dada yangu alirudi magharibi, sufuria kichwani, akatukuta tumezungukwa na vyuma sakafuni. Nilikuwa nimemwambia Salim kwamba sitamsaidia hatua moja zaidi mpaka amweleze mama yake kweli yote, na sikutaka kuwa mimi wa kusema. Kijana alisema. Alisema vizuri, sikumtegemea. Alieleza pesa, kijiti, na kwamba kompyuta haikuwa ya hesabu za biashara.

Mwanaisha hakupiga kelele. Alikaa juu ya kiti kidogo cha mbuzi, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Shilingi elfu tatu," akasema. "Hamri moja shilingi kumi. Umekula mahamri mia tatu, Salim. Mimi nimeamka saa tisa usiku kuyaumua."

Hakuna aliyejibu.

"Na huo mchezo wenyewe ni wa nini? Wa kuua watu?"

"Wa malori, mama."

"Malori gani?"

"Malori tu. Unabeba mzigo, unakwenda mji mwingine. Ukifika unalipwa."

Nilimwona dada yangu akigeuka upande wa dirisha. Msomaji sijamwambia kwamba shemeji yangu, babake Salim, alikuwa dereva wa lori njia ya Mombasa hadi Malaba na Kampala, miaka kumi na saba. Alifariki Salim akiwa darasa la sita, si barabarani kama watu wanavyodhani, bali kwa maradhi, kitandani kwake. Kijana alikuwa akipanda naye lori wakati wa likizo hadi Voi, wakati mwingine hadi Mtito Andei, kisha akirudishwa na madereva wenzake. Mimi nilikuwa nimeyasahau hayo. Inavyoonekana wao wawili hawakuyasahau, ila hawakuwahi kuyataja.

"Kaka," dada akaniambia, bila kunitazama, "hicho kitu kinaweza kutengenezeka?"

Nikamwambia hakitengenezeki, lakini pengine kinaweza kubadilishwa.

Bombolulu kuna kijana mwenye saiba, ana kompyuta sita, na nilikumbuka kwamba baadhi yake ni HP Compaq Pro 6305. Mashine hiyo ni pacha wa 6300. Kwa sura huwezi kuzitofautisha, lakini 6300 ni ya Intel nayo 6305 ni ya AMD. Jumatatu tulimwendea na kijiti chetu. Alikuwa na mashaka, nami nikamwambia akijaribu kwanza na asipokubali asitupe kitu. Akakichomeka. Skrini ikawaka, giga nane zikaonekana. Tukaiacha usiku kucha na programu ya bure iitwayo Memtest86+, ambayo huandika na kusoma kila kijumba cha memori tena na tena ikitafuta kosa. Asubuhi hapakuwa na kosa hata moja. Akatupa vijiti viwili vya giga nne badala yake, vya kiwanda kinachojulikana, kila kimoja na kibandiko chake kamili: 1Rx8 PC3-12800U. Salim alivisoma kwa sauti kama mtoto wa chuoni anayesoma juzuu yake.

Kwa hesabu ya giga tulitoka sawa kwa sawa. Kwa kazi, tulipata zaidi. Prosesa ile huzungumza na memori kwa njia mbili kwa pamoja, na kijiti kimoja peke yake, hata kiwe kikubwa, hutumia njia moja tu: gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Viwili vikiwekwa katika njia mbili tofauti hufikia 25.6. Jambo hili lina uzito hasa kwa kompyuta isiyo na kadi ya picha, maana picha zote za mchezo hukaa katika memori hiyo hiyo kuu na huzipigania na prosesa. Hata kwa mashine za kisasa za bei nafuu, kama zenye Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 inayobeba picha yenyewe, ningemshauri mtu anunue vijiti viwili vya nane kuliko kimoja cha kumi na sita. Katika OptiPlex ya Salim tulijaza kwanza nafasi mbili zenye klipu nyeupe. Kile cha zamani tukakitia ya tatu, na mashine ikahesabu giga kumi na mbili. Nane zikaenda kwa njia mbili, nne zilizobaki kwa njia moja.

Tulipoiwasha, Windows ikasema giga 3.4 tu zinatumika. Kijana akaanza kutokwa jasho tena. Kumbe aliyemwuzia alikuwa ametia Windows ya biti 32, ambayo haiwezi kutumia zaidi ya giga nne hata ukiijaza ghala zima. Tuliiondoa tukatia ya biti 64. Hilo nalo liliwahi kumfanya mtu ninayemjua anunue memori mara mbili.

Ikiwa kijana wako naye anakusumbua, nakuomba usicheleweshe sana uamuzi kwa matumaini kwamba bei itashuka. Tangu nusu ya pili ya 2025 memori zilipanda bei duniani kote, kwani Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, ambazo hutengeneza sehemu kubwa ya chipu hizi, zilielekeza nguvu kwenye mashine za akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia watu wa kawaida memori zake za jina la Crucial. DDR3 zilizotumika ni mabaki ya kale na soko lake ni la mitumba, hivyo ndizo bado kimbilio la mtu wa kipato kidogo.

Na ukifika kwenye kadi ya picha, fungua macho tena. Salim alitaka GT 1030, kadi ndogo isiyohitaji waya wake wa umeme, na anaiwekea akiba. Nilimwambia aulize ni ipi, kwa sababu ziko mbili kwa jina moja. Ile ya 2017 ina memori ya GDDR5 na hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Nyingine, ya 2018, wameitia DDR4 na hupitisha chini ya 17. Sanduku linafanana, jina lile lile, na kazi ni ya mbio za sungura na kobe. Mtu aliyebuni majina haya sijui alikuwa na kinyongo gani na maskini.

Ijumaa usiku nilialikwa kwao kula wali wa nazi. Baada ya chakula Salim aliwasha kompyuta. Lori jekundu lilikuwa likisafiri katika barabara kuu ya Ujerumani, mvua inanyesha, vipangusio vinakwenda, na picha hazikukwama. Dada yangu alikuwa anaosha vyombo. Akaja na kitambaa mkononi, akasimama nyuma ya kiti.

"Mbona anapita upande wa wanaokuja?"

"Ulaya ni kulia, mama. Akivuka Calais kufika Dover ndipo atashika kushoto kama sisi."

Akanyamaza. Lori likaanza kushuka mteremko mrefu, na namba za mwendo zikapanda. Salim akakanyaga breki.

"Usishuke na breki," akasema Mwanaisha. "Shusha gia kwanza. Baba yako Salgaa alikuwa akishuka na gia ndogo, wenzake wakimcheka. Shusha gia, nakwambia."

Salim akashusha. Ngurumo ya injini ikabadilika, lori likatulia.

Dada yangu akavuta kiti cha mbuzi, akaketi karibu na skrini, kitambaa cha vyombo bado begani.

"Na honi iko wapi?" akauliza.

Salim akamwonyesha herufi H.